Nyumba Iko Muzuri

Boli ya mwisho ilikataa kutoka. Kankolongo alikuwa amelala chali chini ya kiti cha nyuma cha basi, spana mkononi, vumbi likimdondokea machoni, na kila alipovuta, kutu ilimjibu kwa mlio mfupi kisha ikanyamaza. Aliimiminia mafuta machafu ya injini, akangoja, akavuta tena. Safari hii ikalegea. Alikitoa kiti nje kwa kukibeba mgongoni kama mgonjwa, akakiegemeza kwenye ukuta wa nyumba yake pamoja na wenzake waliotangulia.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa saba, asubuhi ya baridi kama zilivyo asubuhi za Kolwezi msimu wa ukame, na moshi wa nyasi zinazoungua ulikuwa umelala juu ya mabati ya mtaa wa Kapata. Kengele ya kanisa haikulia. Makanisa yalikuwa yamefungwa tangu ugonjwa uingie nchini, na shule vilevile.

Ndaya, mkewe, alikuwa akipepea makaa kwenye mbabula, jiko lao la mkaa, mbele ya mlango. Aliitazama safu ile ya viti kama mtu anayetazama wageni asiojua atawalaza wapi.

"Leo njo unabeba bitu ya nani?" aliuliza.

Kankolongo alijipangusa mikono kwenye suruali. "Ya Mama Jessica."

Ndaya akaacha kupepea. "Mama Jessica, bibi ya Mechack? Na bwana yake angali kule ndani ya mugodi?"

"Patroni njo amesema."

"Na wewe ukamujibia nini?"

"Kama si mi, atatuma mwingine. Huyo mwingine atatupa bitu ya mama wa watu mu vumbi." Aliokota boli zilizotapakaa, akazifunga ndani ya kitambaa. "Mi nitabeba muzuri."

Ndaya aligeukia mbabula yake. Akarudi kupepea, lakini taratibu, na moto ukachelewa kushika.

Basi lile halikuwa la Kankolongo. Lilikuwa la Nkulu, mfanyabiashara wa mjini, na kwa miaka mingi Kankolongo alikuwa ameliendesha kwa kazi ileile moja: kuwachukua wafanyakazi wa Kapata kabla jua halijatoka, kuwafikisha kwenye geti la mgodi, na kuwarudisha jioni. Aliwajua watu wake kwa vikohozi vyao. Alijua nani anaomba, nani ana ugomvi nyumbani, nani amelewa jana. Mechack, mchomeleaji wa vyuma, yeye alikuwa wa kulala. Alisinzia njia nzima, akashuka wa mwisho, na kabla ya kuingia getini aligonga bati la basi kwa kiganja, ndiyo asante yake.

Aligonga vilevile asubuhi ile ya mwezi wa tatu. Jioni Kankolongo aliporudi kuwachukua, mlinzi aliyejifunika barakoa alimpungia mkono ageuze gari. Wakubwa walikuwa wameamua. Shaba lazima itoke, ugonjwa lazima ubaki nje, kwa hiyo watu wabaki ndani, walale humohumo. Anayetaka kutoka atoke, ila akitoka asirudi. Kankolongo alirudi Kapata na basi tupu, na wanawake waliokuwa wakiwasubiri waume zao kituoni walilizunguka, wakachungulia madirishani, kana kwamba wanaume wamejificha chini ya viti.

Watu walidhani ni majuma mawili. Majuma yakageuka miezi. Mji ulianza kulegea upande mmoja baada ya mwingine, kama ukuta wa matofali mabichi ulioingiwa na maji. Mbuyu, mke wa Mechack, ndiye huyo Mama Jessica, aliyekuwa akikaanga vitumbua kituoni kila alfajiri, alikaanga akakosa walaji. Mwenye baa alifunga. Vinyozi walifunga. Vibao vya "nyumba ya kupangisha" vilining'inia kwenye mageti ambayo zamani hayakuwahi kukaa tupu hata juma moja, na watu wakaanza kurudi makwao, wengine Sandoa, wengine Dilolo, wengine kokote walikokuwa na ndugu mwenye shamba la mihogo. Mume wa Mbuyu aliendelea kulipwa, lakini kampuni ndogo iliyomwajiri ilikata mshahara kwa kisingizio cha chakula na malazi ya kule ndani. Huyo naye, hata hivyo, alihesabiwa kuwa mwenye bahati. Mwenzake mmoja alitoka siku mkewe alipojifungua. Aliporudi getini kesho yake akakuta jina lake limekwisha kufutwa.

Mabasi ya Nkulu nayo yalisimama, yakajaa utando wa buibui. Nkulu alikuwa akiishi mjini kwenye nyumba ya kupanga, nyumba ya vigae na bustani, mpaka mwenye nyumba alipomtaka aondoke. Hapo ndipo alipoikumbuka nyumba ya marehemu baba yake, mojawapo ya zile nyumba za safu ambazo kampuni ya zamani iliwajengea wafanyakazi wake huku Kapata. Ndani yake alikuwa amempangisha Mechack.

"Mi pia banatutosha, banatutoa mu nyumba, Kankolongo," Nkulu alimwambia siku ile alipomwita, bila kuinua macho. "Nitaenda wapi na bibi yangu? Nilimupa Mama Jessica mwezi mbili ya kutafuta kwengine. Amesema ataenda ku Sandoa, kwa mama yake. Toa biti mu bisi, umusaidie." Kisha akaongeza, akiangalia magurudumu: "Ukimaliza, uniletee funguo ya bisi. Kuko muntu wa Likasi anakuya kuiangalia, anataka kuinunua."

Kwa hiyo Kankolongo alijua tangu siku ile kwamba mzigo huo wa Mbuyu ndio utakaokuwa wa mwisho.

Alimkuta Mbuyu amesimama mlangoni, amevaa kitenge chake cha kanisani, kilemba kimekazwa vizuri. Watoto wawili walikuwa wamekaa juu ya beseni lililofunikwa, Jessica ambaye alikwisha kuota akili za mtu mzima, na Dady, mdogo, aliyekuwa akila kitumbua cha jana.

"Ingia, papa," alisema Mbuyu. "Shi tuko tayari."

Ndani palikuwa pamefagiliwa mpaka sakafu inang'aa. Kila kitu kilikuwa kimefungwa, isipokuwa kitanda cha chuma alichokichomelea Mechack mwenyewe mwaka walipooana, kwa vipande alivyookota na kuviunga usiku na mchana. Kilikuwa kizito kama ng'ombe. Kankolongo alikifungua, akatoa vyuma kimoja kimoja, akivigeuza pembeni ili visikwaruze ukuta wa mtu.

Alikuwa na namna yake ya kupanga. Godoro alilikunja, upande wenye madoa ukaingia ndani. Masufuria yaliyotoboka aliyaficha ndani ya mazima. Ndoo ya chooni aliifunga kwa gunia. Hakuna aliyemfundisha hayo kwa maneno. Alikuwa bado mtoto wakati watu wa asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa huku kuchimba shaba, walipoambiwa kwamba hapa si kwao. Familia yake, nayo ya Kasai, ililala stesheni ya Kolwezi majuma mengi ikisubiri treni, makabati na vitanda vya watu vikinyeshewa mvua hadharani. Kilichomuuma zaidi, hata leo, haikuwa njaa. Ilikuwa ile jioni mvua ilipolifungua furushi la mama yake na watu wote wakaona kwamba ndani hamna kitu ila matambara. Aliporudi Kolwezi akiwa kijana, kwa sababu hakuujua mji mwingine, wengi waliokuwa wamekaa kimya siku zile walimpokea, na yeye hakuwauliza jambo. Lakini furushi la mtu hakuliacha tena likae wazi.

Mbuyu alimtazama akifanya kazi ile, akaelewa, akageuza uso.

Walipomaliza, alifunga mlango, akaukabidhi ufunguo kwa jirani amkabidhi Nkulu. Kisha akaja mpaka dirishani mwa dereva.

"Papa Kankolongo. Kabla ya kwenda pa malori ya Sandoa, unipitishe ku geti."

"Ku geti ya mugodi?"

"Leo ni Siku ya Mungu. Banaruhusu bibi kuona bwana zabo kwa kamba. Ku Sandoa rezo ya simu inakuya na kuenda. Batoto bamuone papa yabo."

Kankolongo alisita. "Mechack anajua kama munahama?"

"Hajui." Alisema hivyo bila kutetereka. "Na hatajua. Akijua, atatoka. Akitoka, kazi imekwisha, na shi wote tutakuwa ku Sandoa tunaangaliana. Mi nitamwambia masomo imefungwa, batoto banachoka, tunaenda kumuona koko yabo, mama yangu. Si uongo. Masomo imefungwa."

Alipanda, akawaweka watoto mbele. Gari lilipoanza kwenda, Jessica aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, na kama papa anauliza nyumba?"

"Utasema nyumba iko muzuri."

"Lakini si yetu tena."

"Nimekuuliza kama ni yetu?" Mbuyu alimfunga mtoto kifungo cha sweta. "Nyumba iko muzuri. Ukuta iko, bati iko, hata mulango inafunga. Utasema iko muzuri."

Njia ya mgodini ilikuwa imeharibika kwa miezi ile ya kutopitwa na mabasi. Zamani Kankolongo aliyajua mashimo yake kama ajuavyo meno yake. Sasa palikuwa na mapya. Gurudumu lilizama, na huko nyuma vyuma vya kitanda vikagongana, vikalia kwa sauti iliyojaza basi lote. Alipunguza mwendo. Bila viti, gari lilikuwa na mwangwi kama pipa.

Mbuyu alimgusa bega walipofika kwenye kilima cha mawe meusi, masalio ya machimbo ya zamani. "Simamisha hapa, nyuma yake. Asione."

Wakaenda kwa miguu sehemu iliyobaki. Kankolongo alimbeba Dady. Baridi ilikuwa bado haijapungua, hewa imetulia, na kila sauti ilisafiri mbali: walisikia mashine zikinguruma huko ndani kabla hawajauona uzio.

Getini palikuwa na kamba mbili zilizofungwa kutoka nguzo hadi nguzo, moja upande wa ndani na moja upande wa nje, na katikati yake ardhi tupu ambayo mlinzi alikuwa akiinyunyizia maji ya dawa. Wake wengine walikuwa wamekwisha kufika. Kila mmoja alipaza sauti kwa mtu wake, kwa hiyo siri za nyumba zote zilikutana hapo katikati, homa za watoto, misiba ya shangazi, na hakuna aliyejali kusikiwa.

Mechack alitokea kutoka kwenye safu ya makontena yaliyogeuzwa mabweni. Alikuwa amefuga ndevu. Alitembea haraka, kisha alipoikaribia kamba akapunguza, kama mtu anayeogopa kwamba akifika, mambo yataisha.

"Mama Jessica!"

"Mechack! Tuko hapa, shi wote!"

"Muko bien? Dady, mwana yangu! Angalia vile amekuwa mukubwa!"

Dady alijificha shingoni mwa Kankolongo. Hakumtambua mwenye ndevu. Mechack aliliona hilo, akacheka kwa nguvu kupita kiasi, akajifunika ndevu kwa mikono yote miwili. "Ni mi, papa! Angalia macho tu!" Mtoto alichungulia, akatabasamu kidogo, akajificha tena.

Mbuyu akayasema yale aliyoyapanga. Aliyasema vizuri, bila kukimbia, hata akaweka kicheko mahali pake: watoto wamechoka kukaa bure, bibi yao analia anataka kuwaona, wataenda Sandoa siku chache, mihogo huko ni mingi.

"Na nyumba?" aliuliza Mechack.

Jessica akajibu kabla ya mama yake, kwa sauti ya darasani: "Nyumba iko muzuri, papa!"

"Iko muzuri?"

"Iko muzuri!"

Mechack alitikisa kichwa polepole. Alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha mkewe, kilemba kile, kitenge kile cha kanisani siku ambayo kanisa halifunguliwi.

"Ni muzuri muende," alisema. "Mama Jessica, peleka batoto mu jua, kule, baridi ni mingi. Nataka kumuuliza Papa Kankolongo habari ya bisi."

Mbuyu alimchukua Dady. Alipogeuka alimtupia Kankolongo jicho moja tu, na jicho hilo lilikuwa ombi. Kankolongo alilipokea. Akasogea kwenye kamba.

Mechack alingoja mpaka walipofika mbali. Aliinama kama anayefunga kamba za buti, akasema bila kupaza, na kwa hewa ile tulivu maneno yakavuka:

"Muzee, kitanda yangu iko mu bisi yako."

Kankolongo akageuka kutazama kile kilima cha mawe meusi.

"Niliisikia tangu pa mashimo. Ile kitanda nilichomelea mi mwenyewe. Kuko mguu moja nilikosea, njo inalia vile ukiigonga. Mu dunia yote hakuna chuma yenye kulia vile." Aliinua uso. "Nani anabafukuza?"

"Hakuna mwenye kubafukuza. Patroni anarudia mu nyumba ya baba yake. Naye bamemutosha ku mujini."

Mechack alicheka bila sauti. "Kumbe. Basi mi nimulaani nani?"

Mlinzi alipita kati yao na pampu yake ya dawa. Wakangoja apite. Huko nyuma mwanamke mmoja alikuwa akimwimbia mumewe wimbo wa kanisa, mwenyewe peke yake, ubeti baada ya ubeti.

"Niambie wewe," alisema Mechack. Sauti ilikuwa imebadilika. "Geti ni ile. Hakuna mwenye ananishika. Natoka sasa hivi, napanda mu bisi, naenda na batoto yangu. Ao nabakia hapa, kazi inabakia, na bibi yangu anapanda juu ya magunia kama mujane. Wewe muzee umeona mambo. Ukisema nitoke, natoka."

Kankolongo alitamani angekuwa na neno la kitabu. Alimkumbuka baba yake pale stesheni, aliyewapandisha kwenye treni akabaki kulinda nyumba, akawaambia atafuata. Na aliwafuata kweli, baada ya miaka miwili, mikono mitupu, nyumba ikiwa na watu wengine ndani. Wangemwambia apande siku ile, angekuwa nao. Asingebaki, asingejua kama nyumba ingepona. Maisha yake yote Kankolongo alikuwa ameligeuza jambo lile bila kuona upande ulio sahihi.

Aligeuka akamtazama Mbuyu. Alikuwa amesimama juani, amewapa mgongo, na alikuwa akimwonyesha Dady kitu fulani angani, huenda ndege, huenda hamna kitu.

"Sijue, Mechack," alisema. "Mungu ananisikia, sijue. Mi najua kitu moja tu. Bibi yako ametumika nguvu mingi ili wewe usijue. Amevaa nguo ya misa. Amefundisha mutoto maneno. Hii njo kitu ameweza kukuletea leo. Usimunyang'anye."

Mechack alibaki ameinama. Alikaza kamba za buti moja, akaifungua, akaikaza tena. Aliposimama macho yalikuwa mekundu, lakini huko ndani watu wote walikuwa na macho mekundu kwa vumbi na kwa moto wa kuchomelea.

"Kitanda usiache ipate mvua," alisema.

Kisha akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti ya mtu asiye na shida duniani: "Mama Jessica! Unisalimie mama mukwe! Na nyumba, muliifunga muzuri?"

Mbuyu aligeuka. Kwa mbali ile uso wake haukuonekana vizuri.

"Tuliifunga!" akaitikia. "Muzuri kabisa!"

Walirudi garini. Kankolongo aliwasha injini, akaiacha ingurume kidogo ipate joto. Mbuyu alikuwa akitazama mbele.

"Amekuuliza nini?"

"Kama bisi inakunywa mafuta mingi."

"Njo hiyo tu?"

"Njo hiyo."

Alimtazama dereva upande wa uso, muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili. "Bon," alisema mwishowe, akamfuta Dady kamasi. Hakuuliza tena, wala Kankolongo hakujua kama ameaminiwa au amesamehewa.

Lori la Sandoa lilikuwa limesimama kwenye njia ya kutokea mjini, limejaa chumvi na sabuni, na watu walikuwa wamekwisha kukaa juu ya magunia wakijifunika vitenge kukinga vumbi lililokuwa bado halijaanza. Mwenye lori alizunguka mizigo ya Mbuyu, akakubali masufuria, akakubali godoro na mabeseni. Vyuma vya kitanda akavikataa. Vingewaumiza watu njiani, alisema, na alikuwa na haki.

Mbuyu alisimama mbele ya vile vyuma. Aligusa kimoja kwa kidole.

"Ubakie nayo, papa. Siku atatoka, atatafuta pa kulala."

"Nitaichunga."

"Usiilalie sana," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka kweli. "Inalia."

Alipandishwa juu na vijana wa lori. Watoto walipandishwa baadaye, mkono kwa mkono. Lori lilipoondoka, Mbuyu hakupunga. Alikuwa ameshughulika kuwafunika watoto, na alipomaliza, vumbi lilikuwa limekwisha kuwachukua wote.

Kankolongo alipitia nyumbani. Yeye na Ndaya walivishusha vyuma, wakaviingiza ndani, wakaviegemeza nyuma ya mlango ambako mvua haingefika hata ikianza. Kisha vile viti navyo wakavirudisha garini, kimoja kimoja, maana mtu wa Likasi angetaka basi kamili. Ndaya alimshikia taa ya simu chini ya viti, ijapokuwa kulikuwa bado na mwanga, naye akakaza boli.

"Ulisema uongo?" Ndaya aliuliza walipokuwa hapo chini, vichwa vyao vimekaribiana.

"Nilichunga uongo ya pande zote mbili."

"Na kesho utafanya nini?"

"Kesho nitaamuka," alisema. Ndaya akaona kwamba hakuwa na zaidi ya hilo, akampokonya spana, akamkazia boli ya mwisho yeye mwenyewe.

Jua lilikuwa limeelemea magharibi alipolisimamisha basi mbele ya nyumba ya safu. Nkulu na mkewe walikuwa wamekwisha kuhamia. Mlangoni palikuwa na kochi kubwa la ngozi ambalo halikupita, limekaa nje kama ng'ombe aliyekataa zizi, na Nkulu alikuwa amelikalia huku ameshika miwani. Alipokea funguo za basi. Akazigeuza kiganjani.

"Haikukusumbua?"

"Hapana, patroni. Inatembea muzuri."

"Kama mambo inarudia, nitakuita. Wewe wa kwanza."

"Merci, patroni."

Wote wawili walijua thamani ya maneno yale, na hakuna aliyeyadharau. Nkulu alisogea kwenye kochi, akapisha nafasi. Kankolongo alishukuru, hakukaa. Aliomba maji ya kunawa, akaelekezwa nyuma ya nyumba.

Huko alimkuta Mama Mamie, mke wa Nkulu, mama mnene wa mjini, hajavua bado viatu vyake vya ngozi. Alikuwa ametoka bombani, bomba la mtaa lile la mbali, na ndoo ilikuwa imemlowesha kitenge upande mmoja. Mbele yake, kando ya ukuta, palikuwa na tuta refu la lengalenga, mchicha wa huku, majani mapana, mabichi, ya pekee yenye rangi ya kijani katika uwanja wote ule wa vumbi.

"Papa Kankolongo," alisema, akihema. "Hii ni ya ule mama?"

"Ni yake."

"Nimesema nisiiache ikauke. Sijawahi kulima, lakini kumwangia maji naweza." Aliinama na ndoo, kisha akasita. Akaiweka chini. Alipeleka mkono kati ya mashina, akausukuma udongoni, akautoa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa tope.

"Iko na maji," alisema.

Alipeleka mkono mwisho mwingine wa tuta. Huko nako kulikuwa na maji. Tuta lote lilikuwa limemwagiliwa, taratibu, shina kwa shina, na mtu ambaye hangekuwapo kulichuma.

Mama Mamie alibaki amechutama, mkono wenye tope ameushikilia mbali na nguo yake. Kankolongo alisimama nyuma yake na mikono yake ambayo haijanawa. Katikati yao ndoo ilikuwa imejaa mpaka ukingoni, na maji yalikuwa bado yakitikisika.